Kidole Kilipotea

Shule ya sekondari ya Kelvik, Dakota Kaskazini,
chumba namba kumi na nne, Februari.
Theluji imefika usawa wa kingo za madirisha,
bomba la joto linagonga kama mtu aliyefungiwa nje.
Bi. Aamodt ana kalamu nyekundu, ana mafua,
ana kikombe cha chai anachokisahau juu ya madaftari;
insha zangu zote za mwaka ule zina duara la kahawia.

Ubaoni kuna maswali matatu, hayafutwi hata Ijumaa:
Nani anasema? Anamwambia nani? Anataka nini?
Darlene Azure anauliza kama yatakuwa kwenye mtihani.
"Yatakuwa benki," anajibu mwalimu, "yatakuwa mahakamani,
yatakuwa siku utakayoposwa."
Walicheka. Mimi nilikuwa na barua mfukoni.

Vuli ile, msimu wa viazisukari,
mkanda wa kiwandani ulimla baba kidole cha shahada.
Kampuni ikaleta sukari, kilo ishirini, na kadi yenye maua.
Nikaandika kurasa nne.
Nikaweka "ukatili" mara sita,
na mwishoni alama za mshangao
zimesimama foleni kama vigingi vya uzio.

Bi. Aamodt aliisoma akiwa wima.
Hakuniambia pole. Alifuta.
"Ukatili ni neno la mtu ambaye hakuwepo.
Toa ukatili. Weka kidole."
Kurasa nne zikawa mbili, mbili zikawa moja:
saa kumi na dakika kumi alfajiri;
kinga ya chuma, iliyong'olewa tangu Agosti;
fundi aliyeambiwa angoje;
glavu aliyorudi nayo,
vidole vinne vimejaa, kimoja kimelala.

Jibu lilikuja Machi, karatasi nzito, bahasha ya kiungwana.
Mwalimu akalibandika ubaoni,
jina la baba amelifunika kwa utepe.
*Tunasikitishwa na tukio ambapo kidole kilipotea.*
"Kilipotea," alisema, akapenga kamasi.
"Kama funguo? Kama mbwa?
Haya, semeni: kilikatwa.
Sasa mleteni mkataji mlangoni, tumwone uso."
Darasa zima, hata Lyle Bergstad aliyekuwa akisinzia tangu Oktoba:
mashine ilikikata.
"Na mashine, nani aliiacha bila kinga?"

Bomba likagonga.
Baba yake Lyle alikuwa msimamizi wa zamu.
Lyle akaanza kufunga kamba za viatu
ambazo zilikuwa zimefungwa.
Hilo halikuwa kwenye kitabu cha balagha:
kwamba sentensi ikinyooka
humchoma pia aliyekaa karibu.

Usiku nikampelekea baba nakala ya saba, jikoni.
Baba aliishia darasa la nane; husoma akichezesha midomo.
Mstari aliozoea kuufuata kwa kidole cha shahada
sasa aliufuata kwa cha kati,
akiruka neno, akirudi kuliokota.
Alipomaliza aliigeuza karatasi,
kuona kama upande wa pili una kitu.
"Mashine ipo," alisema. "Kinga ipo. Kampuni ipo.
Kidole kipo kuliko kilivyokuwa mkononi.
Mimi niko wapi?"

Nikamtafuta. Maneno mia mbili na kumi.
Alikuwa mstari wa nne, mara moja tu,
amejibanza nyuma ya "cha": kidole cha baba.

Nikachukua karatasi nyingine.
Alivuta kiti, akaanza kumenya chungwa kwa mkono wa kushoto,
vibaya, maganda madogo madogo,
juu ya nakala ya saba.
"Anzia kabla," alisema. "Anzia getini.
Nilikuwa nikipiga mluzi."